Betri Ndani ya Kikapu cha Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilinuswa kichwa. Nilikuwa nimetoka kwetu Kisii, viatu nimevishika mkononi visichafuke njiani, na nimejipaka mafuta ya nywele yenye marashi niliyoazima kwa dada yangu, nikiamini kwamba mwajiri hupenda mtu nadhifu. Msimamizi wa chumba cha kuchambulia chai akanisogelea, akainama, akavuta pumzi juu ya utosi wangu kama mtu anayechagua samaki sokoni, kisha akanyoosha kidole kuelekea bombani.

"Mama, enda uoshe hiyo kichwa. Ukirudi na inanuka maua, hakuna kazi."

Maji ya Kericho asubuhi si ya mchezo. Nilirudi nikitetemeka, akaninusa tena, ndipo nikaandikwa.

Nawaanzia hapo, ninyi vijana wa viwandani, kwa sababu msipoelewa hilo hamtaelewa yaliyofuata. Chai hunyonya harufu. Jani likishachumwa hutandazwa kwenye ghorofa ya juu linyauke, yaani lipoteze maji kabla ya kusagwa, na feni kubwa huvuta hewa ya nje na kuipitisha katikati yake. Hewa hiyo ikija na harufu ya mafuta ya taa, basi mtu wa ng'ambo atakunywa mafuta ya taa. Ndiyo maana hatukuruhusiwa sabuni ya kunukia, wala kitunguu kwenye kopo la chakula, wala sigara karibu na ukuta. Meneja wa Kiwanda, Mzungu mrefu aliyeonja chai kila asubuhi kwa kuifyonza kwa kelele na kuitema ndooni, alikuwa na pua tuliyoiogopa kuliko polisi.

Kazi yetu wanawake ilikuwa kuondoa vijiti kwenye chai iliyokwisha kukauka, kwa vidole, tumekaa mstari mrefu. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na kitu, watoto wangu wawili nimewaacha kwa mama yangu, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu haikunitaka niongee na mtu. Kisha siku moja akaingia mwanamume mwenye koti la buluu, akapita nyuma yetu polepole akitazama mikono. Hakutazama uso wa mtu hata mmoja. Alipofika kwangu aliinama mpaka pua yake ikakaribia vidole vyangu, nami nikasema moyoni, na huyu naye anataka kuninusa?

"Chamgei, mama," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Unaitwa nani?"

"Mama Nyaboke."

"Umewahi kushika waya ya mota?"

"Sijawahi kushika waya yoyote, isipokuwa ya kuanika nguo."

"Basi hiyo mkono bado haijaharibika. Kesho kuja karakana."

Huyo alikuwa Fomeni arap Sigei, msimamizi wa karakana ya umeme ya kiwanda chetu. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Bomet, mfupi, mpole, mkewe alikuwa ametangulia mbele za haki zamani, na wakati wa vita alikuwa amepelekwa Burma, akafanya kazi ya kutengeneza ndege za jeshi bila kuruhusiwa kupanda hata moja. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote, na hakulificha. Wanaume aliokuwa nao karakana walikuwa hodari wa nyundo, lakini waya nyembamba ilikatika mikononi mwao, akaona heri aje kutafuta vidole kwa wanawake.

Siku hizi mota ikiungua mnaitupa na kuagiza nyingine. Sisi tuliisuka upya. Unaifungua, unatoa koili, yaani mafungu ya waya yaliyoungua, unahesabu mizunguko ya waya wa zamani na kupima unene wake, kisha unazungusha waya mpya mzunguko kwa mzunguko, unafunga kwa uzi wa pamba, unachovya yote kwenye vanishi ya kuzuia umeme usivuje, unaoka katika tanuri dogo. Karakana yetu ilijengwa chini ya kiwanda, upande ambao upepo haurudi, kwa ajili ya harufu ya hiyo vanishi. Ukikosea mzunguko mmoja, mota itakuambia. Fomeni alinifundisha kazi hiyo nikiwa nimefumba macho.

"Fumba," alikuwa akisema. "Macho inadanganya. Kidole haijui kudanganya."

Nilidhani ni mtindo wake wa kufundisha. Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa akinipa njia aliyokuwa akiitumia mwenyewe, kwa sababu macho yake yalikuwa yanajifunga. Yalianzia pembeni, yakija katikati, kama mtu anayevuta mapazia mawili. Daktari wa macho alimwambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani. Mwisho wa mwaka angestaafu na kwenda kwao.

Juu yetu sote pale karakana alikuwa Injinia, Mzungu mwenye sharubu za rangi ya kutu, aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu: ndege ndogo. Alizijenga mwenyewe kwa mbao nyepesi kuliko mkate, akazifunika kwa karatasi na kuzipaka rangi. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyekundu, mabawa yake yakitosha mtu kuyakumbatia. Haikuruka ovyo. Ilifungwa kwa waya mbili ndefu zilizoishia kwenye mpini aliokuwa ameushika mtu katikati ya uwanja. Ukiuinamisha mpini, waya mmoja huvuta kipande cha pembetatu kilicho tumboni mwa ndege, nacho husukuma kibao cha mkiani, ndege inapanda. Ukiinamisha kinyume, inashuka. Ndege inazunguka nawe, na wewe unazunguka nayo.

Tatizo la Injinia lilikuwa kizunguzungu. Raundi tatu, Mzungu yuko chini anatapika, na sisi wafanyakazi tumeshika mbavu. Akampa Fomeni mpini, na Fomeni hakuwa na kizunguzungu. Kila Jumapili baada ya kanisa watu wa kambi nzima walikuja kwenye uwanja wa mpira ulio kando ya kiwanda, na Fomeni aliipandisha ile ndege, akaiviringisha, akaipitisha juu ya vichwa vyetu mpaka wanawake wakapiga vigelegele. Hakuwa akiiona vizuri. Aliisikia injini ilipo, na alizihisi waya zikimvuta mkono.

"Nikishika hii, niko huko juu," aliniambia. "Burma nilifunga skrubu tu."

Injini yenyewe ndiyo iliyotuletea balaa. Ilikuwa ndogo kama kidole gumba, na mafuta yake yalikuwa mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo. Ilinuka kama wodi ya wagonjwa iliyoshika moto. Kwa muda mrefu upepo ulituhurumia, halafu Jumapili moja ukageuka, na feni za ghorofani zilikuwa zinafanya kazi. Jumatatu Meneja wa Kiwanda alifyonza kijiko cha kwanza, akatema, akafyonza tena. Mlango wa chumba chake ukafunguka kwa kishindo.

"Nani naleta hospitali ndani ya chai yangu?"

Tulinuswa wote siku hiyo, hata mlinzi. Mwishowe akaiona ile ndege kwenye rafu ya karakana, akaisogelea, na uso wake ukabadilika. Amri ikatoka siku hiyo hiyo: injini hiyo isiwashwe tena ndani ya shamba. Injinia aliikubali, maana alijua ni haki. Na msifikiri tungeweza kwenda kwingine. Nchi ile ni vilima na chai, chai na vilima. Mahali tambarare penye nyasi palikuwa pale tu, chini ya pua ya feni.

Fomeni aliendelea na kazi, ila nilimwona akiutoa ule mpini mfukoni mwa koti, akiushika, akiurudisha. Alikuwa ameuchonga mwenyewe kwa shina la mchai mkongwe, mti mgumu unaokaa laini mkononi. Jioni moja tulipokuwa tunafunga karakana nikamwuliza moja kwa moja kinachomsumbua.

"Mama Nyaboke, mimi sisumbuki juu ya macho. Hiyo imeenda. Lakini nilitaka nirushe hata mara moja tu kabla sijaenda nyumbani. Huko Bomet nitakaa kwa kiti, na watu wataniletea uji. Nataka nikae nikijua ile ya mwisho ilikuwa ya mwisho."

Nilikwenda nyumbani nikalia, nawaambia ukweli. Kesho yake nikamweleza Injinia. Akazisugua sharubu zake, halafu akaanza kuchora kwa chaki juu ya meza.

"Kama mafuta nanuka, sisi toa mafuta," akasema. "Tia umeme."

Leo mtoto anaweza kununua kitu cha namna hiyo dukani. Wakati ule betri iliyoweza kuzungusha propela ilikuwa nzito kuliko ndege yenyewe. Ujanja wa Injinia ulikuwa huu: betri zibaki chini, na umeme upande kwa zile zile waya mbili zinazoishika ndege, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Akatoa kabatini mota ya mtambo wa redio ya jeshi, ukubwa wa yai la kuku, akaniwekea mbele. Ilikuwa na nguvu ya kupepea kikombe cha uji. Akataka niisuke upya, waya uwe mnene zaidi na mizunguko ipungue, ili ivute umeme mwingi kwa muda mfupi.

Niliisuka, tukaiwasha mezani, ikazunguka kwa furaha, kisha ikatoa moshi na kufa. Nilikuwa nimeibana mno waya mpaka vanishi haikupenya. Nikaisuka tena, safari hii Fomeni amekaa kando yangu, kidole chake kikifuata changu. Ile pembetatu ya tumboni, iliyokuwa ya bati, tukaikata upya kwa faiba, ubao wa kahawia usiopitisha umeme, ili waya mbili zisikutane. Na kwa kuwa chuma chembamba hakipendi kubeba umeme, nililaza waya wa shaba juu ya kila waya wa chuma, nikazifunga pamoja kwa uzi wa pamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ilinivunja mgongo. Sijawahi kufanya kazi tamu kama hiyo tena.

Likabaki swali la betri. Mtu anazunguka, betri ziko chini, basi nyaya zitamfunga miguu kama mbuzi wa soko. Tulikuna vichwa. Fomeni ndiye aliyecheka ghafla, akatoka nje, akarudi na kikapu cha kuchumia chai, kile kinachobebwa mgongoni. Akapanga ndani yake betri nne za pikipiki, akakivaa.

"Sasa mimi ni mchumaji," akasema. "Betri inazunguka na mimi."

Tukaijaribu bila kuirusha, imeshikwa na Injinia nyuma ya karakana. Propela ikanguruma kidogo tu, laini. Mimi na Injinia tukatazamana tukitabasamu. Fomeni hakutabasamu.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, Mzee."

"Siisikii."

Tulikuwa tumeondoa harufu, na pamoja nayo tukaondoa sauti. Ndege ikifika mwisho wa waya, upepo ukivuma, asingejua iko juu au iko kwenye nyasi. Waya zingemwambia inavuta, lakini zisingemwambia iko upande gani wa anga mapema vya kutosha. Injinia akasema labda arushe mtu mwingine na Fomeni asimame karibu. Fomeni akakivua kikapu na kukiweka chini taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Siku ile nilipita chumba cha kufungia chai nikiwa na hasira ya kutojua nimkasirikie nani. Wale mnaokumbuka masanduku ya mbao ya zamani mnajua kwamba ndani yalitandikwa karatasi inayong'aa kama bati, ili chai isipate unyevu wala harufu. Mwanamume mmoja alikuwa anaikunja, nayo ikilia chakarachakara mpaka nikasimama. Nikaomba kipande kilichochanika. Nikakikata vipande virefu vyembamba, nikavifunga kwenye mkia wa ndege, kisha nikaichukua na kukimbia nayo mbele ya karakana kama kichaa, nikizunguka.

"Mzee, niko wapi?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Akanyoosha kidole, nacho kikanifuata kila nilipokwenda.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, Meneja wa Kiwanda alishuka uwanjani mwenyewe. Kabla hajaruhusu chochote, aliinama na kuinusa ndege kuanzia puani hadi mkiani, akanusa kikapu, akanusa betri, na nadhani angeninusa mimi kama nisingerudi nyuma. "Hii naweza ruka," akasema, akaenda kukaa kivulini.

Fomeni akavaa kikapu. Mtu mmoja alipaswa kushika swichi iliyofungwa ubavuni mwa kikapu, na mtu huyo lazima azunguke naye hatua kwa hatua. Nikawa mimi. Wanawake wenzangu wa kuchambua chai walianza kunitania kabla hata hatujafika katikati.

"Mama Nyaboke, leo unachumiwa!"

"Mshike vizuri asianguke na betri!"

Injinia akaishika ndege kule mwisho wa waya. Nikabonyeza. Akaiachilia. Ikakimbia kwenye nyasi, ikayumba, nikajua imeshindwa, halafu miguu yake ikaachana na ardhi na ile karatasi ikaanza kulia. Fomeni akavuta pumzi. Mkono wake ukanyanyuka, mabega yake yakashuka, akaanza kugeuka nami nyuma yake, mguu kwa mguu. Baada ya raundi chache dunia ilinizunguka, chai na watu na kiwanda vyote vikawa mstari mmoja wa kijani, nikafumba macho nisije nikaanguka. Ndipo nikaisikia alivyoisikia yeye. Ikapita kulia, ikapanda, ikawa juu yetu, ikashuka kushoto. Aliipandisha mpaka sauti ikafifia, akairudisha karibu na nyasi mpaka watu wakapiga kelele. Akaurudisha mkono wake wa pili nyuma, akaushika wangu, akauweka juu ya mpini, chini ya wake. Ile ndege ilivuta kama kitu kilicho hai kinachotaka kwenda kwao.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia, Mzee."

Betri zilipochoka aliishusha kwenye nyasi bila kuvunja hata kijiti. Hakuna aliyepiga makofi upesi. Nadhani hawakujua kama imekwisha.

Injinia alimpa ile ndege iwe zawadi ya kustaafu. Siku ya kuondoka, lori la shamba likiwa limewashwa, Fomeni aliniita kando. Alikuwa amezifungua waya kwenye mpini.

"Bomet kuna shule nzuri," akasema. "Watoto wako wanaweza soma huko. Sikusukumi, mama. Chukua hii mpini. Siku utakuja, kuja nayo. Siku hutakuja, ikae na wewe."

Nilitaka kupanda lori lile. Nilitaka kwa mwili wangu wote. Lakini nilikuwa mwanamke pekee kwenye benchi la mota katika shamba lile, karo ya watoto ilitoka kwenye vidole vyangu, na kwetu wasingenielewa. Nikamwambia nitakuja watoto wakimaliza shule. Akasema "kongoi", asante kwa lugha yao, akapanda.

Baadaye nilihamishwa mara kadhaa, kama mfanyakazi yeyote. Nilikaa Kipkelion kwenye karakana ya pampu, nikasuka mota za misumeno huko Londiani kwenye baridi inayokausha midomo, nikarudi Kericho nikiwa fomeni mimi mwenyewe, na wavulana wakaniita Mama Fomeni mpaka nikazoea. Niliwafumbisha macho wote. Nilituma salamu Bomet kwa yeyote aliyekwenda, na salamu zilirudi. Mtoto mmoja alimaliza shule, akaanza mwingine, akaja mjukuu. Siku zote kulikuwa na mwaka mmoja zaidi. Mnaponiuliza ninachokikosa katika kazi ile, nataja vanishi, nataja benchi, nataja kelele za feni alfajiri, na yote ni kweli, lakini ninachokikosa ni kidole chake kikifuata changu.

Nilipostaafu nilipanda basi la Bomet na mpini kwenye mkoba. Nilikuwa nimeshapata habari kwamba alizikwa. Mtoto wa kaka yake, mama mmoja aitwaye Chelangat, alinipokea kwa chai yenye maziwa mengi na kunionyesha chumba cha Fomeni. Ndege ilikuwa imening'inizwa mlangoni, nyekundu yake imepauka, vipande vya karatasi bado viko mkiani.

"Alikuwa anataka mlango ikae wazi," Chelangat akaniambia. "Upepo ikikuja, hiyo karatasi inalia. Basi yeye ananyoosha mkono hivi, amefunga ngumi, anageuka na kiti. Tulidhani ni uzee. Tulimpatia fimbo ashike, akakataa. Alisema siyo yenyewe."

Nilifungua mkoba nikaweka mpini mezani. Akauchukua, akaugeuzageuza, akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa Mzee, na nimechelewa kuuleta.

Alinisogezea kile kiti, nikakaa, nikaushika mpini, tukauacha mlango wazi tukingoja upepo.